Kukataa Mara Mbili

Verlyn Haugsrud aliujua mteremko ule hata kabla hajauona. Maghala ya zamani upande huo wa Minnesota yote yana shimo mlangoni: njia inashuka kuelekea ukutani ili sakafu ya trela ilingane na sakafu ya ghala, na foko, gari dogo la kunyanyulia mizigo, iingie na kutoka bila kuruka. Kiangazi ni jambo jema. Majira ya baridi, theluji ya paani huyeyushwa na joto la ndani, ikachuruzika ukutani, ikajikusanya chini ya mteremko na kuganda upya, siku baada ya siku, mpaka shimo linakuwa kama bakuli la kioo. Dereva anayerudisha trela humo anajua kwamba kuingia ni kazi moja na kutoka ni nyingine.

Alifika saa nane mchana na shehena ya makopo ya mahindi na maharagwe. Baridi ilikuwa ile inayogandisha unyevu ndani ya pua. Uwanja wa ghala ulikuwa umeondolewa theluji kwa haraka, na iliyobaki ilikuwa imeshindiliwa na matairi mpaka ikawa ngumu kama saruji, na yenye utelezi kuliko saruji yoyote. Lori jingine lilikuwa limeegeshwa kando ya uzio, injini ikinguruma polepole, mapazia yamefungwa.

Verlyn alikuwa na safari moja tu iliyobaki kichwani, nayo ni ya kurudi nyumbani. Kesho yake saa mbili asubuhi mkewe, Marlys, alitakiwa awe hospitali ya Duluth kuondolewa mtoto wa jicho. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu majira ya joto. Jicho la kushoto lilishakwisha kazi, na la kulia lilikuwa linaona dunia kama kupitia kioo cha bafuni. Siku hizi aliwasha jiko kwa kupapasa. Hawezi kuendesha gari. Binti yao anaishi Arizona. Akiikosa nafasi ya kesho, wamemwambia, nyingine itapatikana theluji ikiisha.

Ile saa ya ndani ya lori, inayohesabu muda wa kazi wa dereva na kuupeleka kwenye kompyuta za kampuni, ilianza kumhesabia alfajiri. Ikifika saa mbili usiku, sheria inamtaka azime injini na apumzike saa kumi kamili. Kutoka hapa Bemidji hadi nyumbani, Cloquet, ni mwendo wa saa tatu barabara ikiwa nzuri. Kwa hiyo ilimpasa awe ametoka shimoni kabla ya saa kumi na moja jioni. Hesabu hiyo alikuwa ameifanya mara nyingi njiani, na kila mara ilikubali.

Msimamizi wa mlango alitoka na koti lililomzidi kimo. Jina lake lilikuwa Rudy Zaragoza. Alikuwa mtu wa kusini kabisa mwa Texas, karibu na mpaka wa Meksiko, na alikuwa amehamia huku majira ya mapukutiko kumfuata mkewe aliyepata kazi ya uuguzi.

"Karibu, mzee. Wewe ndiye wa makopo?"

"Ndiye mimi."

"Utatumia mlango wa nne. Wa tatu umeganda, haufunguki. Nadhani tutauona tena mwezi wa tano."

Verlyn alitazama shimo. "Naona mteremko wenu unang'aa leo."

"Unang'aa kweli," Rudy akasema. "Mimi asubuhi nilishuka nao kwa makalio. Ningekuwa na watoto hapa wangenilipa nirudie."

Verlyn akacheka kidogo, akangoja. Gordon Lindquist, aliyesimamia mlango huo kabla ya kustaafu, angeelewa. Kwake maneno yale yalikuwa ombi lililokamilika. Angesema "hebu ngoja," akaingia ndani, akatoka na toroli la mchanga na kuumwaga mteremko mzima bila mtu kutamka neno mchanga. Lakini Rudy alijikunyata, akapuliza viganja vyake, akarudi ndani kwenye joto.

Verlyn alirudisha trela polepole mpaka iligusa mpira wa ukutani.

Kabla foko haijaanza kazi alishuka, akaingia ndani, akasimama karibu na Rudy akitazama paleti za kwanza, yale majukwaa ya mbao yaliyobeba makopo, zikitoka. Kuna jambo ambalo madereva wa huko hulifanya. Paleti za mbele kabisa hukaa juu ya matairi yanayosukuma lori. Zikibaki ndani, uzito wake hukandamiza matairi kwenye barafu na lori hupanda. Zikitolewa zote, trela tupu huelea tu na matairi yanazunguka bure. Kwa hiyo zile mbili za mwisho huachwa, lori likapanda kwanza hadi kwenye tambarare, kisha foko ikazifuata hukohuko.

"Siku kama hizi," Verlyn akasema, "kuna watu huwa wanabakiza zile mbili za mbele."

"Watu gani?"

"Aa. Watu tu."

"Usijali, mzee wangu," Rudy akasema, akampiga begani. "Hapa tunatoa zote. Hubaki na hata kopo moja."

Verlyn akaitikia kwa kichwa. Angeweza kusema zaidi. Lakini mtu alikuwa ameshamwambia asijali, tena kwa wema, na kumrudia ingekuwa kama kumwambia kwamba hajui kazi yake. Akarudi kwenye lori, akamimina kahawa ya mwisho ya chupa, akaegemeza kichwa dirishani. Hakukusudia kulala.

Alipozinduka jua lilikuwa linaondoka. Rudy alikuwa anagonga mlango wa lori akiwa na karatasi za kutia saini, na nyuma yake mlango wa nne ulikuwa umeshafungwa.

"Mtupu kama siku ulipozaliwa," Rudy akasema.

Verlyn akatia saini, akaweka gia, akaachia breki. Lori likatikisika, matairi yakalia kwa sauti nyembamba, na trela haikusogea hata upana wa kidole. Akajaribu tena kwa gia ndogo zaidi. Akafunga ekseli zote mbili zisukume pamoja. Matairi yakaimba. Alijua kilichotokea bila kushuka. Alifika na matairi ya moto kutoka barabarani, yakayeyusha barafu chini yake, na wakati yeye amesinzia maji yale yaligandia palepale. Sasa kila tairi lilikuwa limekaa ndani ya kikombe chake. Kijana wa mwaka wa kwanza anajua kwamba ukifika unasubiri kidogo, kisha unasogeza lori hatua moja ili matairi yakae mahali pakavu.

Rudy alikuwa bado amesimama pale, ameingiza mikono kwapani.

"Umekwama?"

"Kidogo tu."

"Nilete lile tingatinga la theluji nikuvute? Cheni zipo."

"Aa, hapana," Verlyn akasema. "Usijisumbue. Nitatoka tu."

"Una hakika?"

"Ndiyo, ndiyo. Wewe una yako ya kufanya."

"Sawa basi," Rudy akasema, uso wake ukionyesha wazi kwamba ameridhika. "Mimi ndio natoka. Leo mke wangu hayuko zamu, tunakula pamoja. Safari njema, mzee." Akaingia kwenye gari lake dogo, akaondoka uwanjani kwa mwendo wa mtu anayeogopa barafu, taa nyekundu zikipotea nyuma ya miti ya misonobari. Ufunguo wa tingatinga uliondoka naye.

Verlyn alibaki ameshika usukani akitazama pale zilipokuwa taa.

Haikuwa hasira. Ilimchukua muda kidogo kuelewa ni nini. Huko kwao mtu akikukaribisha kahawa, unasema hapana, asante. Akikukaribisha tena, unasema usijisumbue. Mara ya tatu unasema, basi, kama ipo tayari, nusu kikombe. Ndivyo wazazi wake walivyoishi, na wazazi wao, na kila mtu aliyewahi kula naye. Anayekubali mara ya kwanza huonekana kana kwamba hakulelewa. Anayekaribisha mara moja tu huonekana hakuwa na nia. Verlyn alikuwa amekataa mara mbili kwa utaratibu, na alikuwa tayari ameshafungua mdomo kwa ajili ya ile ya tatu. Rudy hakukosea. Aliuliza, akajibiwa, akarudia kuuliza kama ana hakika, akaambiwa ndiyo. Katika nchi aliyotoka pengine ndiyo huwa ni ndiyo, na watu wanaishi vizuri tu.

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Alivaa glavu, akachukua nyundo na sepetu, akashuka.

Alianza nyuma, kwa sababu kazi hii ina mpangilio wake. Aligonga breki za trela moja moja, kwa maana baada ya kupita kwenye theluji yenye maji huweza kugandiana. Mbili zilikuwa zimeshikana, nazo ziliachia kwa mlio kama wa kuni ikipasuka. Kisha akaja kwenye matairi ya kusukuma, akapiga magoti, akaanza kuchonga ukingo wa mbele wa kila kikombe kwa ncha ya sepetu. Barafu ilitoka vipande vidogo, kama chumvi. Vidole vilikufa ganzi kwanza, baadaye magoti. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na mgongo wake ulikuwa na miaka mingi zaidi.

"Unachimba dhahabu?"

Sauti ilitoka juu ya mteremko. Alikuwa mwanamke amevaa ovaroli nene, kofia ya manyoya imefunika masikio. Verlyn alimfahamu: Colleen Maki, dereva wa kutoka upande wa migodi ya chuma, ambaye kwa miaka mingi walikuwa wakikutana kwenye maghala kama haya bila mmoja kujua anakoishi mwenzake. Lile lori kando ya uzio lilikuwa lake. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kesho, mlango huohuo wa nne.

"Nikiipata nitakugawia," Verlyn akasema.

"Nigawie mlango. Kesho saa moja nataka trela yangu iwe hapo ulipo wewe."

"Kesho saa moja sipo hapa."

"Kwa mwendo huo utakuwepo mpaka Pasaka." Akashuka hatua mbili ameshika ukuta, akamulika matairi kwa tochi. "Ulilala."

"Nilifumba macho."

"Na matairi nayo yakafumba. Nina mfuko wa mchanga wa choo cha paka kwenye lori. Nikuletee?"

"Hapana, wewe utauhitaji."

"Mimi niko tambarare, nautaka wa nini? Nilete?"

"Usijisumbue, dada."

"Ninao mfuko mzima, Verlyn, na paka sina."

"Basi," Verlyn akasema, "kama upo karibu."

Colleen akaenda kuuleta. Hakuna kati yao aliyeona kitu cha kuchekesha.

Wakamwaga mchanga ule mbele ya kila tairi, wakausambaza kwa mguu. Verlyn akapanda, akaweka gia, akakanyaga mafuta taratibu kama mtu anayekanyaga yai. Lori likajikokota. Likatoka kwenye vikombe, likapanda hatua moja, karibu mbili, na moyo wake ukapanda nalo. Halafu mchanga ukaisha chini ya matairi na barafu ikaanza. Kichwa cha lori kikateleza kuelekea ukuta wa saruji ulio kando ya shimo, polepole, bila kelele, na Verlyn akaachia kila kitu. Trela ikarudi chini, ikagonga mpira wa ukutani. Kati ya bampa na saruji pakabaki nafasi ya kiganja.

Colleen akaja dirishani. "Usirudie," akasema. "Ukirudia utaacha taa yako hapo. Mimi siwezi kukuvuta, nami nitashuka humo tukae wote kama samaki kwenye kopo."

"Najua."

"Rudy si alikuwepo? Kwa nini hakukuvuta?"

"Aliniuliza."

"Halafu?"

Verlyn akarekebisha kioo cha pembeni. Colleen alimtazama, akaelewa, akatoa pumzi ndefu iliyogeuka wingu.

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Na nusu."

"Yesu wangu," Colleen akasema, kwa utulivu tu. "Mimi alinipa kiti wiki iliyopita, nikasema nitasimama, akakichukua akakikalia. Nilisimama saa nzima nikimchukia. Baadaye nikaona, mtu huyu hana baya." Akapigapiga mlango wa lori. "Namba yake imebandikwa pale mlangoni. Unamwahi nani usiku huu?"

Verlyn akamweleza habari za Marlys na jicho, kwa maneno machache. Colleen akasikiliza huku anakunja mfuko mtupu.

"Basi mpigie," akasema. "Mimi nakwenda kuwasha supu." Akapanda mteremko, mkono mmoja ukutani.

Hakupiga. Alimpigia kwanza mpangaji wa safari wa kampuni, akaambiwa gari la kuvuta malori lipo barabara kuu linatoa watu mitaroni, na haliwezi kufika kabla ya usiku wa manane. Kisha akachimba tena. Ni vigumu kusema kwa nini. Mtu akizoea njia moja ya kupata anachohitaji, nyingine haionekani kama njia. Inaonekana kama ukuta. Kumwita mtu atoke mezani kwake, ilhali ulikuwa umeshamwambia aende, kwa Verlyn kulifanana na kuingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Marlys.

"Umefika wapi?"

"Bado niko Bemidji. Kuna utelezi kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kidogo cha kawaida."

Miaka yote hiyo ya ndoa ilikuwa imemfundisha Marlys kupima kidogo cha mumewe. "Nimeweka chakula kwenye oveni," akasema. "Viazi na nyama. Nadhani ni viazi. Kwa macho haya huenda ni vitunguu."

"Duane hajapita?" Verlyn akauliza habari za jirani yao.

"Alipita Jumapili baada ya kanisa, akasema anaweza kunipeleka kama wewe hutawahi. Nikamwambia hapana, Verlyn atakuwepo. Akasema tena jana, pale kwenye sanduku la barua. Nikamwambia asijisumbue."

"Na leo?"

"Leo hajapita."

Verlyn alitazama saa ya lori. Ilikuwa karibu saa moja. Ile hesabu yake ilikuwa imeacha kukubali tangu alipokuwa amepiga magoti, ila yeye alikuwa amekataa kuisoma.

"Usijali kuhusu mimi," Marlys akasema. "Kama ni mwezi wa nne, ni mwezi wa nne."

Alipokata simu, Verlyn alipanda mteremko kwa mikono na magoti, akafika mlangoni, akamulika ile namba. Alivua glavu ili abonyeze.

Rudy alipokea huku watu wanacheka nyuma yake na sahani zinagongana.

"Rudy. Ni Verlyn, wa makopo."

"Mzee! Umeshafika nyumbani?"

"Niko shimoni."

Vicheko vya nyuma vikapungua. Bila shaka Rudy alikuwa amehamia chumba kingine. "Lakini nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema hapana."

"Nilisema hapana. Halafu nikasema nina hakika."

"Na hakika hukuwa nayo?"

"Hata kidogo," Verlyn akasema.

"Mke wangu ananiambia kila siku," Rudy akasema. "Kazini kwao anauliza mgonjwa, unaumwa? Anajibiwa, si vibaya sana. Kumbe mguu umevunjika. Sasa wewe niambie, mzee, kwa lugha ya watu wa kwetu. Unataka nini?"

Lilikuwa jambo dogo sana. "Nataka uje univute," akasema. "Sasa hivi. Najua uko mezani."

"Nakuja."

Akaja, na ilimchukua muda kwa sababu ya mwendo wake ule wa kuogopa barafu. Shingoni alikuwa amevaa skafu ya kike. Hakulaumu wala hakuchekesha. Aliwasha tingatinga, akaliacha lipate joto, kisha akaanza kufunga cheni kwenye bampa huku Verlyn akimulika, na Colleen akatoka kwenye lori lake bila kuitwa, akasimama juu ya mteremko kuonyesha ishara kwa mikono. Rudy akavuta taratibu. Verlyn akasaidia kwa gia ndogo. Lori likajipinda kidogo, likanyooka, likapanda, na trela tupu ikalifuata ikigongagonga mpaka wote wakawa tambarare.

Rudy akashuka. "Ungeniambia umwagiwe mchanga," akasema. "Upo ndani. Mapipa matatu."

"Nilikuambia mteremko unang'aa."

Rudy akamtazama, akamtazama Colleen.

"Hiyo ndiyo lugha yenyewe," Colleen akasema. "Utazoea."

"Na zile paleti mbili?"

"Na zile paleti mbili," Verlyn akasema.

Rudy akavua kofia, akajikuna kichwa katika baridi ile, akaivaa tena. Akatoa ndani ya koti kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya foili. "Tamale, unga wa mahindi na nyama. Mke wangu amesema ule. Na tafadhali, usianze."

Verlyn akanyoosha mkono akakipokea. "Asante," akasema. Hakusema neno jingine, na hilo moja lilimtoka kwa taabu.

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika chache. Rudy alipokwisha kuondoka, Verlyn alikaa kwenye lori akiwa na kifurushi cha moto mapajani, akaitazama ile saa inayohesabu. Wapo wanaoizunguka. Angeweza kuingia barabarani, akaandika sababu, akabishana na kampuni baadaye. Lakini macho yake yalikuwa yanajifunga yenyewe, na barabara ya Duluth usiku huo ilikuwa na malori mitaroni, na aliyekuwa akimngoja alikuwa mtu asiyeona. Akazima injini ya safari, akawasha kipasha joto kidogo cha chumba cha kulala. Saa ikaandika kwamba amepumzika.

Angeamka saa kumi na mbili asubuhi. Angefika Duluth saa tatu na zaidi. Daktari angekuwa amekwisha kuendelea na mgonjwa mwingine.

Akapiga namba ya jirani yao.

"Duane," akasema, jamaa alipopokea. "Ni Verlyn. Sitawahi. Nakuomba kesho umpeleke Marlys Duluth. Anatakiwa awe pale saa mbili."

Duane Torvik alikuwa amekaa jirani nao tangu watoto wao wakiwa wadogo, na katika muda huo wote hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake kitu bila kuzunguka kwanza kupitia hali ya hewa.

"Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa mlangoni," Duane akasema. "Nilidhani mmepata mtu. Nilitaka nipite tena leo, nikaona nitawachosha."

"Usingetuchosha."

"Basi vizuri." Duane akakohoa. "Kuna theluji huko?"

"Ipo."

"Haya."

Halafu akampigia Marlys, akamwambia. Alimwambia shimo lilivyokuwa, na jinsi alivyosinzia, na kwamba utelezi haukuwa kidogo.

"Umemwomba Duane?"

"Nimemwomba."

"Umemwambiaje?"

"Nimesema nakuomba umpeleke."

"Hivyohivyo tu?"

"Hivyohivyo."

Verlyn alisikia mlango wa oveni ukifunguliwa na kufungwa. "Nimefurahi atanipeleka," Marlys akasema. "Duane ni mtu mzuri." Kisha, baada ya muda, kwa sauti ambayo Verlyn hakuizoea, sauti ya mtu anayeshuka ngazi gizani akitafuta kila kidato kwa mguu, akasema, "Lakini nilitaka iwe wewe. Wakinifungua kitambaa cha jicho, nilitaka niwe naangalia upande ulipo."

Verlyn alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuwa na pa kulificha neno. "Nami nilitaka," akasema. "Nitakuja moja kwa moja hospitali. Saa nne nitakuwepo. Waambie wasikufungue mpaka saa nne."

"Utakuja na hilo lori?"

"Na trela yake."

"Pale hakuna mahali pa kuegesha kitu kama hicho. Wana maegesho ya mteremko, tena yenye barafu."

"Nitaomba waniwekee mchanga," Verlyn akasema.

Marlys hakucheka, lakini hakukata simu. Wakakaa hivyo, yeye akila viazi ambavyo kweli vilikuwa viazi, na mumewe akifungua karatasi ya tamale kwa vidole vilivyoanza kuuma kwa kurudiwa na damu, mpaka mmoja wao akasema inatosha sasa, kalale.